Singe za kale zisisuguliwe

Mwaka 1912 Wajerumani waliifanya Gitega, ambayo wao waliiandika Kitega, makao ya utawala wao katika Urundi. Miaka minne tu baadaye, tarehe 17 Juni 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliyokuwa yamekwisha kuitwaa Usumbura, Bujumbura ya leo, yaliingia katika mji huo. Wakubwa wa pande zote mbili walitoka Ulaya, bali waliobeba bunduki walikuwa kwa wingi wao Waafrika. Kiunoni mwa askari hao ilining'inia silaha ambayo leo wachache huijali, nayo ni singe.

Neno lenyewe limesafiri kama silaha yenyewe, kwani lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Jina la Kifaransa, inasemekana, lilitokana na mji wa Bayonne.

Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe walikuwa bado na bunduki aina ya 1871, yenye kupiga risasi moja moja na kutoa moshi mzito uliomfichulia adui mahali alipo mpigaji. Kwa askari wa namna hiyo singe haikuwa pambo la gwaride. Singe ya Kijerumani ya 1871/84 ni fupi kama kisu, bapa lake likiwa na sentimita zipatazo 25. Ile ya 1898/05 ni ndefu zaidi, yapata sentimita 37, na hupanuka kuelekea nchani. Baadhi yake zina meno ya msumeno mgongoni. Nyingi zina jina la kiwanda karibu na mpini, mara nyingi kiwanda cha Solingen, na juu ya mgongo wa bapa zimepigwa taji, herufi ya mfalme na tarakimu mbili za mwaka. Namba za kikosi, zikiwapo, ndizo zenye thamani kuu, kwa kuwa ndizo zinazoweza kutuelekeza kwa mtu aliyeibeba.

Wabelgiji nao walikuja na bunduki za Albini za milimita 11, silaha iliyokuwa imekwisha kuzeeka. Mauser ya 1889 ilikuwa ya kisasa zaidi. Kiwanda cha Herstal kilianzishwa mwaka huo huo ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za aina hiyo.

Tukitoka Gitega kuelekea kaskazini-mashariki hadi Muyinga, hesabu huongezeka. Ng'ambo ya mpaka wa Kobero ndiko iliko Bugufi, nchi iliyokuwa ya ufalme wa Burundi kabla ya kuwekwa chini ya Waingereza pamoja na Tanganyika. Askari wa Mwingereza walichukua singe ya 1907, yenye bapa la sentimita 43. Polisi wa mpakani hana budi kujua kwamba chuma cha namna hiyo chaweza kumfikia kutoka upande wowote, nacho chaweza kuwa kimefuliwa upya na mhunzi kikawa kisu cha shambani.

Hapa pana jambo la kupimwa kwa busara. Singe, hata ya miaka mia, ni silaha, na katika nchi iliyoona baada ya 1993 makali yakitumika dhidi ya majirani, hakuna mwenye haki ya kuichukulia kama mchezo. Hata hivyo, mzee aliyerithi kipande cha chuma cha babu yake si mhalifu kwa sababu hiyo tu. Aulizwe kwa heshima, na jibu lake liandikwe: chuma kilipatikana wapi, kwa nani, tangu lini. Maneno hayo yakipotea, hayapatikani tena kwa fedha yoyote.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni tupa na msasa. Askari hupenda chuma king'ae, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini anayesugua singe ya kale hufuta alama zile zile tulizozitaja, na huko Ulaya wapo walaghai wanaopiga alama za uongo juu ya mabapa matupu ili wawauzie wakusanyaji kwa bei kubwa. Kitambaa laini na mafuta mepesi ya bunduki vyatosha. Ala ya ngozi ihifadhiwe mbali na bapa, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Kisha mkuu wa kikosi aarifiwe, naye ataweza kuuliza Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, kama yataipokea pamoja na ile karatasi yenye maneno ya mzee.