Mgeni kutoka Ukonga na mwezi mpevu wa Kendwa: kisiwani kuna nini zaidi ya disko?



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na Swahaba zake. Ama baad.

Mama mmoja wa Ukonga, Dar es Salaam, ameuliza: wanawe wawili, wa kiume aliyemaliza kidato cha sita na wa kike aliye kidato cha nne, wanakuja Unguja likizo kukaa kwa mama yao mdogo, Bububu. Watafika Jumatano na kurudi Jumatatu. Wenzao wa shule wamewaambia kwamba aliyekuja Zanzibar asilale Kendwa usiku wa mwezi mpevu basi hakuja. Je, awazuie safari? Na akiwaruhusu, watafanya nini siku zote hizo?

Swali ni lake, lakini jibu linatuhusu zaidi sisi tulioko visiwani. Mgeni hufuata anachoonyeshwa na mwenyeji. Kijana akifika nyumbani kwetu akawekewa televisheni na sahani ya wali, kisha tukaenda zetu kazini, tusishangae akitafuta mwenyewe pa kwenda. Na wanaomkaribisha huko hawachoki kutangaza.

Hukumu yenyewe haina urefu. Kukaa mahali panapozungushwa pombe kumekatazwa, hata kwa asiyekunywa. Katika Hadithi aliyoipokea At-Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amelifungamanisha jambo hilo na kumwamini Allah na Siku ya Mwisho. Ongeza mchanganyiko wa wanaume na wanawake, mavazi, na Swala ya Alfajiri inayokuta watu wamelala mchangani. Hoja ya "nitaangalia tu" haisimami hapo.

Lakini safari na furaha si haramu. Katika Suratul-Ankabut (29:20) Allah ametuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama namna alivyoanzisha uumbaji. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, na alimwacha awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi. Mzazi anayesema "hapana" kisha akanyamaza ametoa nusu ya jibu, na kijana wa miaka kumi na tisa hutafuta nusu iliyobaki kwa rafiki zake.

Tuanze na mwezi wenyewe, kwa kuwa ndio unaotumiwa kuwavutia. Sherehe ya Kendwa hufanywa kila mwezi, Jumamosi iliyo karibu na mwezi kamili. Mwezi huo huo ndio wa Ayyaamul-Biidh, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni Sunna kuzifunga. Basi mama mdogo wa Bububu awaamshe wageni wake daku, na jioni wafuturu pamoja ufukweni kwa tende na maji ya madafu, mwezi ukichomoza upande wa mashariki jua likizama magharibi. Ni jambo la kupendeza, na halina kiingilio.

Mwezi kamili pia huleta bamvua. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne wakati huo, hasa siku moja au mbili baada ya mwezi kukamilika, na maji hufika chini kabisa yapata saa nne asubuhi. Wageni wengi wa hoteli hulalamika kwamba bahari ya Paje na Jambiani imewakimbia. Sisi tunajua kwamba hapo ndipo mambo yanapoanza! Familia inaweza kutembea kwa miguu mbali sana kuelekea kwenye mwamba, ikapita katikati ya mashamba ya mwani, ikawaona akina mama wakifunga miche kwenye kamba na vigingi, ikatazama kaa, pweza na samaki wadogo waliobaki madimbwini. Vaeni viatu vya mpira kwa sababu ya wanyama wenye miba, muombeni ruhusa mwenye shamba kabla ya kugusa chochote, na maji yakianza kujaa geukeni mara moja. Hujaa haraka kuliko mgeni anavyodhani.

Na Nungwi je, tuiache kwa sababu iko jirani na Kendwa? Hapana. Nungwi ni kijiji cha Waislamu, wavuvi na mafundi wa vyombo, kabla haijawa na hoteli hata moja. Mpeleke kijana aliyemaliza kidato cha sita akawaone mafundi wanaounda jahazi bila ya mchoro wa karatasi: mkuku kwanza, kisha mbao, na mataruma yanayochongwa kwa tezo kufuata umbo la mti wenyewe, halafu kalafati ya pamba na mafuta kuziba nafasi. Atoe salamu, akae kitako, aulize. Hesabu aliyoisoma darasani ataiona ikifanywa kwa jicho na uzi. Karibu na hapo, Mnarani, kuna kidimbwi cha asili ambamo kasa hutunzwa. Nenda asubuhi, urudi kabla ya Magharibi. Mji huo una nyakati zake mbili na sisi tunachukua ya kwanza.

Kizimkazi Dimbani, upande wa kusini, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi kibulani ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo limefanyiwa ukarabati mkubwa baadaye, lakini maandishi yamebaki, na bado watu wanaswali humo. Mtoto aliyeambiwa kwamba Uislamu wa pwani hii ni mambo ya juzi asimame mbele ya kibula hicho, kisha akokotoe mwenyewe. Watu wengi huenda Kizimkazi kwa ajili ya pomboo na kupita msikitini bila kugeuza shingo. Kuhusu pomboo nasema hivi: nahodha anayewazunguka kwa mashine na kuwafukuza, mwambieni aache. Viumbe hao nao wana haki ya kutoudhiwa.

Njiani kurudi kuna Jozani, msitu wa kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, na njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, basi chukueni vitambulisho. Changuu ni karibu sana na Mjini kwa boti. Kobe wake wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jela iliyojengwa huko haikupata kufunga wafungwa, ikageuzwa karantini. Wakaazi wa Ukonga, ambao wanaijua jela ya kweli mtaani kwao, watacheka kidogo.

Mji Mkongwe unataka siku nzima, na unataka mwenyeji anayejua. Watoto wapitishwe Ukutani, alipofundisha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki mwenzake Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija. Wanafunzi wa duara hizo walitawanyika pwani yote. Waonyeshwe mnara wa Msikiti wa Malindi. Wapelekwe pia Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 na ambapo sasa kuna kanisa la Kianglikana. Baadhi ya wazazi hukwepa hapo kwa kuogopa maswali. Nadhani ni bora kijana aulize mbele ya mzazi wake, akaambiwa bila kufichwa kwamba waliouza na kununua walikuwemo Waislamu, na kwamba Qur-aan imeifanya kuacha huru shingo kuwa ibada na kafara, kuliko kwenda kuyasikia pengine.

Usiku ndio wenye kazi, kwani disko ni jambo la usiku. Baada ya Magharibi nendeni Forodhani: urojo, mishkaki, maji ya miwa, na vijana wa Mjini wakijirusha baharini kutoka ukutani. Isha iswaliwe jamaa katika msikiti wa karibu. Baadaye barazani, kahawa chungu, kashata, bao. Wavuvi wa dagaa wa karabai hupumzika usiku wa mwezi mpevu kwa sababu mwanga wa taa hauvuti samaki, hivyo huo ni wakati mzuri wa kumkuta mvuvi nyumbani na kumsikiliza. Visa vyake vitamweka kijana macho bila muziki.

Kuhusu kuogelea: katika Hadithi ya An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa michezo michache isiyohesabiwa kuwa ya bure. Wanawake wachague ufukwe usio na watu, mapema baada ya Alfajiri, na vazi la stara. Hapo hapo Nungwi umewahi kuwapo mradi wa kuwafundisha wasichana wa kijiji kuogelea wakiwa wamejisitiri, na hakuna aliyepoteza dini yake kwa hilo. Hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kama anasa. Tumezika wengi wa MV Spice Islander mwezi Septemba 2011, na wa MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, mwezi Julai 2012. Basi wageni wapande boti iliyosajiliwa, tiketi ikatwe dirishani kwa jina la kila mmoja, mtoto mchanga pia, na wajue maboya yalipo kabla ya kuondoka. Boti iliyojaa kupita kiasi iachwe iende.

Binti kusafiri na kaka yake aliyebaleghe ni sawa, kwani ni maharimu wake.

Limebaki suala la Swala, na wengi hukosea hapa. Msafiri hawezi kupunguza akiwa bado ndani ya mji wake. Kutoka Ukonga hadi bandarini, Posta, ni mji mmoja uliounganika, hivyo akiswali Adhuhuri akisubiri boti ataswali rakaa nne. Kupunguza huanza chombo kikishaondoka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, masafa hukadiriwa na wengi leo kuwa kilomita 80 na kitu. Anayekwenda moja kwa moja Nungwi ameyapita, ama anayeishia Mjini au Bububu yuko mpakani, na amuulize shekhe anayemfuata. Tena, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukoma kuwa msafiri pale anapofika. Watoto wa mama yetu wana Alkhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hivyo wataswali kamili siku zote watakapokuwa Bububu. Wakirudi Jumapili badala ya Jumatatu, zitakuwa siku tatu, na suala la masafa ndilo litakaloamua.

Wallahu a'lam.