Chuo kikidai kompyuta, kisaidie kuinunua

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, Marekani, kilitangaza kwamba kila mwanafunzi mpya atatakiwa kuwa na kompyuta yake. Hakikuishia kwenye tangazo. Kilifanya mazungumzo na kampuni ya Apple, na kompyuta zake za Macintosh zilipofika chuoni Machi 1984, mwanafunzi alilipa takriban dola 1,000 kwa mashine iliyouzwa madukani dola 2,495. Oda ya maelfu kwa mkupuo mmoja ndiyo iliyoshusha bei. Apple nayo ilijipatia wateja wapya wangali vijana.

Afrika Mashariki sharti hilo limeingia bila tangazo. Kazi za darasani hukusanywa mtandaoni, tasnifu lazima ichapwe, na mwanafunzi wa usanifu majengo hawezi kuchora kwa programu ya AutoCAD kwenye simu. Lakini sokoni anakwenda peke yake. Kompyuta haitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila laptop mpya bado ni ghali kwa familia nyingi. Ndiyo maana biashara ya mitumba imeshamiri Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli, Nairobi. Laptop ya mtumba humwokoa mwenye kipato kidogo, lakini mara nyingi betri yake imechoka na dhamana ni fupi. Ikiharibika kabla ya mitihani, gharama ya fundi ni juu ya mwanafunzi.

Pesa inatoka wapi? Tanzania, mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, una mafungu ya ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa. Wapo wanaonunua laptop kwa kumega bumu, yaani posho ya chakula. Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2010: mpango wa Wezesha, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulitoa vocha ya dola 120 ya kununulia laptop kwa wauzaji walioidhinishwa. Vocha ilipunguza makali, ila salio lilibaki kwa mnunuzi.

Nguvu ya vyuo iko kwenye wingi wa wanafunzi wao. Viungane kutangaza zabuni moja, vidai dhamana ya miaka yote ya masomo na fundi ndani ya chuo. Bodi za mikopo nazo zitenge fungu la kompyuta, lirejeshwe kwa awamu. Chuo kisichoweza kufanya hivyo kisimdai mwanafunzi kompyuta. Kifungue maabara zake usiku na mchana.