Pepo na Bandari (3): Mgeni wa Mchana Mmoja

Mwishoni mwa Machi 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn, iliyokuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Barcelona, iliondoka São Tomé ikawaacha watalii 8 waliochelewa kurudi kutoka matembezini. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa kwenye ziara waliyojitafutia wenyewe, nje ya zile zinazouzwa melini. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti, meli ingali imetia nanga, wasipandishwe. Wakaifukuzia hadi Gambia, wakaambiwa huko haitatia nanga kwa ajili ya hali ya bahari, ikabidi wengine washike njia ya barabara hadi Dakar ndipo waipate. Magazeti ya ng'ambo yalibishana siku kadhaa kama nahodha alikosa utu au abiria walikosa adabu. Ugomvi huo hauna haja kwetu. Anayenihusu ni msomaji wa aina nyingine, na siku hizi wako wengi: mama mwenye mtoto Houston au Toronto aliyempigia simu kumwambia mwaka huu atampeleka kwenye meli, au mstaafu mwenye kiinua mgongo anayetazama picha za bwawa la kuogelea juu ya bahari na kujiuliza kama safari ile inamfaa. Mkasa wa São Tomé una jibu lake, ila halionekani mpaka turudi nyuma kidogo.

Waliofuata sehemu mbili zilizopita wanakumbuka hoja yetu kwamba bandari za upwa wetu wa Waswahili zilijengwa na kungoja. Kaskazi ikishika Desemba huleta majahazi ya Oman, Hadhramaut na Ghuba. Hayarudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma, Aprili na kuendelea, na katikati hapo hakuna la kufanya ila kuishi na watu. Utalii wa meli nao ni mtoto wa msimu, lakini kwa hesabu iliyo kinyume kabisa. Albert Ballin, wa kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika, alikuwa na meli nzuri ya Augusta Victoria iliyokosa abiria kila majira ya baridi, kwa kuwa wachache walitaka kuvuka Atlantiki ya kaskazini katikati ya dhoruba. Meli iliyofungwa gatini inakula fedha ya mwenyewe kama ng'ombe asiyekamuliwa. Basi Januari 22, 1891 Ballin akaipeleka Mediterania na abiria 241 kwa muda wa karibu miezi miwili. Abiria hao hawakuwa na shughuli huko. Meli ndiyo iliyokuwa na haja ya safari. Jahazi lilingoja upepo na abiria akafaidi ngojangoja ile, lakini safari ya Ballin ilibuniwa ili meli isingoje. Mbegu ni ileile hadi leo. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024 na yenye nafasi ya abiria wapatao 7,600, haiwezi kulala bandarini siku tatu kwa sababu mji umewapendeza watu wake.

Mji unapopewa muda wa kumpokea mgeni hufanya nini? Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mjini hutoka kwa vimashua, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwekea mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hushukia nyumba ya kijana yule, na mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia anayoyataka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Tazama sahani ile inavyofanya kazi. Ni chakula, na papo hapo ni mkataba, ni dhamana, ni anwani ya mtu asiye na anwani. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi huisoma methali hiyo kama ukali wa mwenyeji aliyechoka. Naona wanaikosea. Mwenye jembe mkononi amekwisha kuwa mtu wa nyumba, ana shamba la kwenda asubuhi na jina la kuitwa jioni. Maneno kama nahodha na bandari, yaliyotoka Uajemi, hayakuletwa na mtu aliyeshuka asubuhi akapanda jioni.

Wala mambo haya hayakuishia karne ya 14. Desemba 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekwisha kuizunguka dunia kwa meli ya matanga, alipanda Aden bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali Nejdi, wakateremka na kaskazi kupita Hadhramaut, Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji, kisha wakarudi Kuwait na kusi mwaka 1939. Kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, Sons of Sindbad, hakimbembelezi msomaji. Abiria wamejazana sitahani juu ya shehena, wanawake wamefungiwa chini shetrini, na choo ni kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, bahari ikipita chini ya miguu. Rufiji mabaharia walikaa wiki kadhaa katika matope ya mikoko wakikata na kupakia boriti. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za Ghuba isiyo na miti, na kwa kuwa mkoko haukui mrefu wa kutosha kuvuka ukumbi, vyumba vya Kuwait ya zamani vilikuwa vyembamba kama vya Lamu na Mji Mkongwe. Mtu wa Kuwait aliyelala chali akitazama dari lake alikuwa akitazama Rufiji. Hapa kalamu inanivuta niende mbali zaidi, lakini nafasi ni chache.

Msomaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema kaskazi hiyohiyo ilileta washenzi pamoja na waungwana. Ni kweli. Katika karne ya 19, msimu wa Waarabu wa kaskazini ulipoingia Unguja, watu waliwafungia watoto ndani kwa hofu ya kuibiwa na kupelekwa utumwani, na kusi iliyosukuma boriti ilisukuma pia majahazi yaliyobeba binadamu kama shehena. Kwa hiyo sidai kwamba kukaa muda mrefu kunamfanya mtu kuwa mwema. Kunachofanya ni kumfichua: mji uliokaa na mgeni miezi minne unajua yupi wa kupewa jembe na yupi wa kufungiwa mlango, nao mji wa kutembelewa mchana mmoja hauna ujuzi huo, unaona kofia na kamera tu. Pingamizi la pili ni kali zaidi, maana linatoka kwa shahidi wangu mwenyewe. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, karibu sawa na mtalii wa leo, na bado tunamnukuu. Lakini soma alichokileta kutoka Mombasa: ndizi, malimau, nafaka inayoletwa kutoka bara, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na maji ya kisima ya kuoshea miguu mlangoni. Ni mistari michache, na hata hiyo aliipata kwa kuwa alishuka akiwa msomi wa sheria ya dini anayejua msikiti unavyofanya kazi. Aliyekwenda na kikapu alirudi na kitu. Wa mikono mitupu angerudi na picha ya mlango.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mtoto Houston. Swali la kumuuliza ni fupi: unaitaka meli au unaitaka nchi? Akiitaka meli, aende bila kusitasita. Kwa mzee ambaye magoti hayamruhusu kupandisha mabegi hoteli hadi hoteli, kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kwa familia ya babu na wajukuu ambayo haikubaliani hata juu ya chakula cha jioni, meli ni nyumba inayotembea: unafungua begi mara moja, daktari yupo, na upepo wa bahari ni wa kweli hata kama bwawa ni la bandia. Akiitaka nchi, ahesabu saa. Meli ikifunga Malindi, Unguja, saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, brosha huandika muda wa saa 10. Aondoe foleni ya kushuka, aondoe ile nusu saa au zaidi ambayo ni lazima awe amerudi kabla ya meli kuondoka, aondoe basi la kwenda kwenye viungo Kizimbani na kurudi, halafu atazame kilichobaki kwa Mkunazini na Forodhani. Akijitafutia ziara yake mwenyewe, kama wale 8, akumbuke kwamba meli kwa kawaida hungoja ziara zilizouzwa na meli yenyewe, si za mtu binafsi. Nauli hulipia chumba, chakula na maonyesho, lakini vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na ada ya huduma ya kila siku huja juu yake. Na pasipoti zetu si za Mmarekani: safari inayotoka Italia ikagusa Uturuki na kurudi Ugiriki huhitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, jambo ambalo picha ya bwawa haisemi.

Jambo moja zaidi. Watu wanaoishi maisha ya jahazi katika meli hizi wapo, ila hawamo kwenye brosha. Wako ngamani, kwenye vyumba vya chini karibu na usawa wa maji: Wafilipino, Waindonesia, Wahindi, na Wakenya pia, kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, wakijifunza matusi na mapishi ya wenzao kama walivyofanya watu wa Ali Nejdi. Mama akikutana koridoni na kijana wa Likoni anayekunja mashuka, na akawa na dakika kumi za kuzungumza naye, atakuwa ametembelea bandari ambayo haimo kwenye ratiba.

Juma lijalo tunarudi Pate, tulikouacha mtepe umelazwa mchangani ukingoja kushonwa upya.