Kawia ufike: usalama wa watu wanaosafiri angani

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuongea juu ya jambo tunalolipenda tangu tukiwa wadogo, yaani safari za angani.

Msiseme hiyo ni habari ya Wazungu peke yao. Mwaka 2011, hapa hapa Kampala, kijana Mganda anayeitwa Chris Nsamba alijulikana sana kwa sababu alikuwa anatengeneza ndege nyuma ya nyumba ya mama yake, mtaa wa Ntinda, akisaidiwa na vijana wa kujitolea. Alisema baadaye atatengeneza chombo cha kupeleka watu angani. Wengine walimsifu, wengine walicheka. Mpaka leo hakuna mtu aliyeruka kwenda angani kutoka ardhi ya Uganda, lakini mawazo kama hayo watoto wetu wanayo pia. Wanachotuuliza darasani siyo namna ya kwenda. Wanauliza: "Mwalimu, wale watu wanarudiaka?"

Ni swali zuri. Jibu ni kwamba wengi wanarudi, lakini siyo wote. Tuchukue vyombo vya Marekani vyenye mabawa kama ndege, vilivyofanya kazi kutoka mwaka 1981 mpaka 2011. Viliruka mara 135. Mara mbili havikurudi, na watu 14 walikufa. Sasa wewe mzazi, fikiria basi la Kampala kwenda Mbarara. Kama kila safari 67 basi moja linapotea na abiria wote, ungempandisha mtoto wako?

Ajali ya kwanza ilikuwa ya Challenger, tarehe 28 Januari 1986. Sisi walimu inatugusa sana, kwa sababu kati ya watu saba waliokuwemo mmoja alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe. Alikuwa afundishe masomo akiwa huko juu, na wanafunzi wengi walikuwa wanatazama kwenye televisheni. Baada ya sekunde 73 chombo kilivunjika hewani.

Sababu yake ilikuwa mpira. Roketi za pembeni ziliunganishwa vipande vipande, na kila maungio yalizibwa na mipira ya duara ili moto usitoke. Mpira ukipata baridi unakuwa mgumu, hauzibi vizuri. Usiku ule kulikuwa na baridi kali. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walisema wazi jioni ile: msirushe kesho, ngojeni joto. Wakubwa wao kwanza walikubali, halafu walibadilisha maneno, na chombo kikarushwa.

Miaka 17 ilipita. Tarehe 16 Januari 2003 Columbia iliruka, na kipande cha sponji kilibanduka kwenye tangi, kikagonga bawa. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha huko huko juu ili waone kama limeumia. Ombi lao halikufuatiliwa. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurudi, joto kali liliingia kwenye tundu la bawa, na watu saba wengine walikufa.

Mnaona, wapendwa? Mara zote mbili kuna mtu aliyejua, na alisema. Chuma kiliharibika, ndiyo, lakini kabla ya chuma kuna masikio yaliyokataa kusikia.

Lakini kuna upande wa pili, na ndiyo sababu bado tunapenda safari hizi. Mwaka 1971 Warusi watatu wa chombo Soyuz 11 walikufa wakati wa kurudi, kwa sababu kilango kidogo cha hewa kilifunguka mapema na hewa yote ilitoka. Hawakuwa wamevaa nguo maalum za kuwakinga, kwa kuwa nafasi haikutosha watu watatu na nguo hizo. Warusi walifanya nini? Walipunguza abiria. Kwa miaka kadhaa walipeleka wawili tu, wakiwa na nguo zao, mpaka chombo kilipotengenezwa upya. Tangu hapo hakuna aliyekufa ndani ya Soyuz. Hata tarehe 11 Oktoba 2018, roketi ilipoharibika dakika mbili tu baada ya kuruka, sehemu ya abiria ilijichomoa yenyewe, na Aleksey Ovchinin na Nick Hague walitua Kazakhstan wakiwa wazima.

Tuje karibu zaidi. Mwezi wa sita mwaka 2024, Wamarekani wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walienda kwenye kituo cha kimataifa cha anga na chombo kipya, Starliner. Waliambiwa siku nane hivi. Walipokuwa wanakaribia kituo, baadhi ya injini ndogo za kukielekeza chombo zilizimika, na gesi ilikuwa inavuja. Kampuni iliyokitengeneza iliona wanaweza kurudi nacho. Shirika la anga la Marekani, NASA, likasema hapana. Chombo kilirudishwa kitupu mwezi wa tisa, na wale wawili walibaki huko juu mpaka tarehe 18 Machi 2025. Siku nane zikawa miezi tisa! Sisi wakimbizi hatuhitaji kufundishwa maana ya kuambiwa "ni muda kidogo tu". Na chombo kilichowarudisha kiliongozwa na nani? Nick Hague, yule yule aliyeokoka mwaka 2018.

Mtu atasema: lakini Starliner kitupu kilitua vizuri, si wangepanda tu? Hapana, ndugu. Kufika kwa bahati siyo usalama. Anayevuka barabara amefumba macho akafika ng'ambo, hatumwiti mwerevu.

Wenye akili wanatuma kitu kwanza, mtu baadaye. Mwaka 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi watatu Waganda wakiwa Japani, ilipelekwa na chombo cha mizigo kisicho na mtu. Bawa moja la kukusanya umeme wa jua lilikataa kufunguka. Kilifika, lakini hata kingepotea, hakuna mama ambaye angelia.

Kwa nini tunawaandikia haya ninyi, mnaotafuta unga na kuni? Kwa sababu safari zetu pia zina hatari. Tarehe 22 Machi 2014, kwenye Ziwa Albert, boti iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi kwao kutoka Uganda ilizama, ikiwa imejaa kupita kiasi. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao watoto. Kuhesabu abiria na kukataa kupanda boti iliyojaa, ni kazi ile ile ya wahandisi wa roketi. Haihitaji shule kubwa. Inahitaji mtu mmoja aseme "ngoja", na wengine wasimcheke.

Basi tunawaomba wazazi mambo mawili. Mtoto akisema anataka kwenda angani, msimzomee. Mwambieni ajifunze hesabu na sayansi, na amuulize mwalimu. Na mtoto akisema "baba, boda boda hii imebeba watu wengi" au "mama, waya huu wa umeme umechubuka", msimwambie anyamaze kwa kuwa ni mdogo. Sikilizeni kwanza, halafu angalieni. Akiwa amekosea, mmepoteza dakika moja. Akiwa sahihi, mmepata mtu.

Ile safari ya mwalimu haikuishia kwenye ajali. Barbara Morgan, mwalimu wa shule ya msingi aliyeandaliwa mwaka 1985 kuchukua nafasi ya Christa kama angeshindwa kwenda, alingoja miaka zaidi ya 20. Mwezi wa nane mwaka 2007 aliruka na chombo Endeavour. Safari hiyo pia chombo kiligongwa na kipande wakati wa kuruka, lakini mara hii walikipiga picha, wakapima tundu, wakahakikisha. Siku 13 hivi baada ya kuruka, mwalimu alirudi nyumbani mzima.

Kawia ufike. Tuonane mwezi ujao.