Mameya Wawili wa London



Ndugu wasomaji, kila uchaguzi wa meya unapokaribia tunaulizwa swali lile lile baada ya sala: "Huyu tunayemchagua, ndiye yule apandaye gari la dhahabu?" Siye. London ina mameya wawili, na anayewachanganya hana lawama.

Wa gari la dhahabu ndiye mkongwe. Huitwa Lord Mayor, na eneo lake ni City tu, ile maili moja ya mraba yenye mabenki na kanisa la St Paul's. Wa kwanza, Henry Fitz-Ailwin, alishika cheo mnamo 1189 akakaa nacho hata akafa 1212. Mwaka 1215 Mfalme John, akiwa katika dhiki na makabaila wake, aliwapa watu wa City haki ya kujichagulia meya kila mwaka, kwa sharti aende kula kiapo cha utii. Safari hiyo ya kiapo ndiyo asili ya maandamano tuyaonayo kila Novemba. Gari lenyewe ni la 1757.

Katika hao wa kale tungependa kumtaja Richard Whittington. Watoto wetu humjua kwa hadithi ya paka, nayo ni hekaya tu. Lakini mtu mwenyewe alikuwapo. Alitoka shamba, Gloucestershire, akaja London kufanya biashara ya nguo, akawakopesha wafalme, akawa meya mara nne. Alipofariki 1423 hakuacha mtoto. Mali yake ilitengwa kwa ajili ya maskini, kwa namna ambayo sisi tungeiita wakfu, na wakfu huo ungali hai. Hospitali ya Whittington kule Archway imepewa jina lake.

Ama meya wa pili ni mchanga mno. London nzima haikuwa na meya, ilikuwa na baraza. Na baraza la mwisho, GLC, lilivunjwa na serikali ya Bibi Thatcher mwaka 1986. Mei 1998 wakazi waliulizwa kama wanataka meya, na asilimia 72 ya waliopiga kura wakakubali. Mwaka 2000 wakamchagua nani? Ken Livingstone, yule yule aliyekuwa kiongozi wa GLC! Akafuata Boris Johnson 2008, kisha Sadiq Khan 2016, mtoto wa dereva wa basi aliyehamia kutoka Pakistani, akachaguliwa tena 2021 na 2024.

Magazeti ya 2016 yalistaajabu kwamba Mwislamu amekuwa meya. Sisi tuliikumbuka Dar es Salaam ya 1960, ambayo meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi.

Meya huyu wa pili ndiye agusaye mifuko yetu. Watoto wa chini ya miaka 16 walianza kupanda basi bure mwaka 2005. Chakula cha mchana cha bure kwa wanafunzi wote wa shule za msingi za serikali kilianza Septemba 2023; na mwezi mmoja kabla yake, ada ya pauni 12.50 kwa siku kwa magari yenye moshi mchafu ilienezwa London nzima, na wengi wetu tuliguna.

Basi inasikitisha kwamba kabla ya uchaguzi wa 2024 tuliwakuta wazee waliokaa hapa miaka ishirini bila kupiga kura, wakidhani kura ni ya mwenye pasi ya Kiingereza. Mmoja alitufungulia droo: barua za kuandikisha wapiga kura zimo, hazijafunguliwa hata moja. Naye ana pasi ya Tanzania. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo wa Kenya, Tanzania na Uganda, akiwa na miaka 18 na ruhusa ya kuishi hapa, ana haki ya kumchagua meya. Jamaa zetu wenye pasi za Oman, Kongo au Somalia hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Uchaguzi ule ulikuwa wa kwanza wa meya wa London kudai kitambulisho chenye picha, na pasi za nchi za Madola zilikubaliwa.

Mzee wetu alijiandikisha wiki ile ile. Akauliza kama na yule wa gari la dhahabu tutampigia. Huyo hapana: huchaguliwa ukumbini Guildhall na wanachama wa vyama vya kale vya mafundi na wafanyabiashara, wala sisi hatuulizwi.