Je, Wajua? Mwanachama Tangu Kuzaliwa
Katiba ya Zaire ya mwaka 1974 ilimfanya kila raia, hata kitoto kichanga cha Koni kando ya mto Lufira, kuwa mwanachama wa MPR, chama pekee nchini, cha Rais Mobutu.

Mwaka 1980 wabunge 13 wa chama hicho hicho walithubutu kumwandikia Rais waraka wa kurasa 52 kulaani dhuluma. Walitiwa mbaroni.

Mmoja wao alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ambaye baadaye, inahuzunisha kusema, akiwa gavana wa Katanga, aliwachochea watu dhidi ya Wakasai, wakazi wenye asili ya Kasai, hata maelfu yao wakapiga kambi katika stesheni ya Likasi wakingojea treni ya kuondoka.

Mwaka 2015 vyama saba, kikiwamo cha Kyungu, vilimwonya Rais Joseph Kabila wa Kongo (zamani Zaire) asing'ang'anie madaraka. Vikatolewa katika muungano uliotawala.