Guta la Umeme Halifi Ghafla: Huduma Ndogo Zinazookoa Betri na Oda Zako

Leo siongelei picha za bidhaa wala jinsi ya kujibu mteja anayeuliza "mwisho bei gani". Leo naongelea kile kinachobeba mzigo mpaka mlangoni kwa mteja, yaani guta la umeme. Najua humu ndani wengi mmeshaanza kuyanunua, na wengine mnajichanga. Kaa hapa usome mpaka mwisho, maana mimi somo hili nimelilipia.

Nauza vyombo vya nyumbani, oda zinaingia kwa simu, na dogo mmoja ndiye anayepeleka. Siku mbili kabla ya Idi tulikuwa na oda 11 za kupeleka siku hiyohiyo. Guta likazima njiani na mzigo wote. Ikabidi nikodi bajaji mbili, faida ya siku ikaishia kwenye nauli. Wateja watatu walikataa kupokea kwa sababu tulichelewa.

Nikamwambia dogo ameliua guta kwa mwendo wa fujo. Nikamkata hela. Hakubishana, alinyamaza tu.

Kesho yake nikamleta fundi. Yule fundi kazi yake kubwa ni vigari vya gofu, vile vinavyobeba wachezaji uwanjani na wageni kwenye mahoteli makubwa. Akafungua vifuniko vya betri, akamulika na tochi, akaniita. "Bosi, njoo uone mwenyewe." Ndani kulikuwa kukavu. Sahani za risasi zimebaki wazi kama mifupa. Akaniuliza mara ya mwisho kuongeza maji ilikuwa lini. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kuongeza hata siku moja tangu ninunue.

Kumbe muuaji nilikuwa mimi.

Kwa nini fundi wa gofu?

Kigari cha gofu na guta la umeme ni ndugu. Yote yana mota, kontrola, na betri kadhaa zilizoungwa mstari mmoja. Kigari cha gofu mara nyingi kina betri 6 za volti 8, jumla volti 48. Guta langu lina betri 5 za volti 12, jumla volti 60. Betri zikiungwa hivyo zinakuwa kama watu wanaobeba jeneza. Mmoja akilegea, wote wanayumba. Betri moja ikichoka inazivuta na nzima.

Kwanza jua betri zako ni za aina gani. Kama zina vifuniko vya kufungua juu, hizo ni za maji, na kila kitu hapa kinakuhusu. Kama zimezibwa kabisa, usizifungue wala usitoboe. Wewe ruka sehemu ya maji tu, mengine yote fuata. Kama ni za lithiamu, hazina maji, na chaja yake ni ya kwake, usichanganye na chaja ya betri za risasi.

Kila siku: chaji

Guta likirudi kutoka kazini, liache lipoe kidogo halafu lichaji, hata kama limetembea safari mbili tu. Usisubiri mpaka liishe. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, sahani zake zinaota ukoko mgumu, na ukikomaa hautoki. Vilevile ukiizoesha kuinyonya chini ya nusu kila siku, maisha yake yanakuwa mafupi. Kama safari zako ni ndefu, lirudishe mchana lipate chaji ya kati.

Hapa kuna mtego wa kwetu: Luku. Unachomeka saa tatu usiku, uniti zinaisha saa sita, asubuhi unadhani limejaa. Angalia uniti kabla ya kulala. Na asubuhi angalia taa ya chaja kwanza kabla ya kumwambia mteja "tunakuja".

Chajia sehemu yenye hewa. Betri ikichaji inatoa gesi inayoshika moto kirahisi. Usichajie chumba unacholala, wala karibu na jiko la mkaa, na asisogee mtu na sigara.

Kila wiki: matairi na macho

Tairi lenye upepo mdogo ni mzito kusukuma, na anayelipa ni betri. Pima asubuhi kabla guta halijatembea. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha guta, na usizidishe kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Pita pia na macho: waya uliochubuka, nati iliyolegea, breki inayozama sana ukikanyaga. Ukiosha, tumia kitambaa na maji kidogo. Usipige maji ya presha kwenye mota, kontrola wala betri.

Kila mwezi: maji, vichwa na vipimo

Kabla hujagusa chochote, zima guta, toa ufunguo, chomoa chaja. Vua pete na bangili. Vaa glavu na miwani, maana ndani ni asidi. Spana yako izungushie tepu ya umeme kwenye mkono. Ikigusa vichwa viwili kwa pamoja itapiga cheche kubwa na inaweza kukuunguza.

1. Maji. Chaji mpaka ijae kwanza, ndipo uongeze maji, kwa sababu wakati wa kuchaji maji hutanuka na kupanda. Ukijaza kabla, asidi itamwagika juu. Ila ukikuta sahani ziko wazi, ongeza kidogo zifunikwe tu, chaji, halafu malizia. Usijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi ndogo chini ya shingo ya tundu.

Na sikiliza vizuri hapa. Dukani kuna chupa mbili zinazofanana: maji ya betri ya kuongezea, na asidi. Unachotaka ni maji. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi imebaki humohumo. Ukiongeza asidi unaila betri. Mwambie muuzaji wazi, "nataka ya kuongezea, siyo asidi". Maji ya bomba au ya kisima usithubutu, yana chumvi na madini yanayoharibu sahani.

2. Vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni kutu. Changanya kijiko kikubwa cha magadi soda ya mapishi na maji kwenye kikombe, hakikisha vifuniko vimefungwa vizuri mchanganyiko usiingie ndani, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo, kausha. Kaza nati, paka grisi au mafuta ya mgando. Kama lazima ufungue waya, anza na wa hasi, na wakati wa kurudisha wa hasi uwe wa mwisho. Nati iliyolegea inapata moto, na nimeona kichwa cha betri kilichoyeyuka kwa sababu hiyo tu.

3. Vipimo. Nunua mita ndogo ya volti, siyo ghali. Baada ya kuchaji, acha guta litulie saa kadhaa, halafu pima betri moja moja. Ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma karibu 12.1 iko nusu. Ukikuta nne zinasoma 12.6 na moja inasoma 12.0, umempata mgonjwa kabla hajakuangusha barabarani. Ikisoma kama 10.5, chumba kimoja ndani kimekufa, kwa sababu kila chumba hutoa kama volti 2.

Andika namba hizo kwenye daftari na tarehe. Daftari ndilo litakalokuonyesha ipi inashuka mwezi hadi mwezi.

Kila miezi 6: fundi

Mpe fundi alipime kila betri ikiwa na mzigo, maana betri mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia halafu ikaanguka ukianza kupanda mlima. Aangalie breki na aziweke sawa, apake grisi, na anyanyue kila tairi alizungushe kwa mkono. Tairi lisilozunguka kirahisi ujue breki inakwaruza, na unachaji umeme wa kuisukuma breki yako mwenyewe.

Betri zikizeeka, badilisha seti nzima. Ukiweka moja mpya katikati ya nne zilizochoka, zile za zamani zitaizeesha nayo haraka.

Sasa hesabu, maana sisi ni wafanyabiashara

Chukua mfano, halafu weka namba zako. Tuseme seti ya betri ni shilingi 1,000,000 na unafanya safari 100 kwa mwezi. Betri zikidumu miezi 20, kila mwezi zinakugharimu 50,000, yaani shilingi 500 kwa safari. Zikifa miezi 10, ni shilingi 1,000 kwa safari. Safari ni ileile, mteja ni yuleyule, ila wewe unalipa mara mbili. Na hapo hujahesabu siku ya bajaji za kukodi.

Kwa hiyo fanya hivi: kwenye kila pesa ya kupeleka mzigo, toa ile hela ya betri, iweke kwenye laini nyingine ya simu, na usiiguse. Kama hujaiweka kwenye bei ya usafiri, ujue unauza betri zako kidogo kidogo bila kujua. Watu wengi wanasema "umeme ni rahisi kuliko mafuta" na wanaishia hapo. Umeme ni rahisi kweli. Betri ndiyo mafuta yako, ila unayalipa kwa mkupuo.

Jambo la mwisho. Kazi hii mpe mtu mmoja jina lake, siku moja ya mwezi. Kwangu ni Jumapili ya kwanza. Ikiwa ya wote, haitakuwa ya mtu.

Dogo nilimwita, nikamwomba msamaha, nikamrudishia hela yake yote. Sasa yeye ndiye mwenye daftari, na namwongezea kidogo kwa kazi hiyo. Juzi alinipigia asubuhi: "Broo, betri namba tatu imeanza kushuka." Tulijua mapema, tukajipanga, na hakuna mteja hata mmoja aliyehisi kitu.

Kama una guta, leo jioni fungua vifuniko umulike na tochi. Ni dakika kumi tu. Na kama una mwenzako mwenye guta, mtumie hili kabla ya msimu wa oda nyingi haujafika.